Askari wa Kijiji Asiye Kwenye Orodha

Malori ya chakula yanayokwenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma hupita njia moja. Hutoka Kitale, yakashuka milima ya Pokot Magharibi mpaka Kainuk, kisha yakaingia nyanda kavu za Turkana Kusini: Kalemng'orok, Lokichar, Lodwar, ndipo Kakuma. Mkimbizi atakayepokea mgao huo ana kadi, nambari na alama za vidole katika kumbukumbu za UNHCR. Dereva ana leseni na gari lake lina bima. Polisi anayesindikiza msafara ana nambari ya huduma, na mwisho wa mwezi ana mshahara. Lakini nyuma ya migunga, mbali kidogo na barabara, yuko mtu mwingine aliyeshika bunduki ya serikali. Ni mwana wa kijiji, analinda mifugo ya majirani na barabara hiyohiyo. Akiuawa usiku wa leo, kazi ya kwanza itakayoikabili familia yake baada ya kilio ni kuthibitisha kwamba alikuwa askari.

Huyo ndiye askari wa akiba, ambaye kwa sheria ya leo ni NPR (National Police Reservist) na ambaye wazee wengi bado wanamwita KPR (Kenya Police Reservist). Sitamtaja hata mmoja kwa jina, kwa kuwa nyuma ya kila kifo cha namna hii wapo mjane na watoto walio hai, na msiba ni wao. Ninachotaka ni kufuata njia ya askari wa aina hii, tangu anapokabidhiwa bunduki hadi anapozikwa, ili tuone ni mahali gani hasa jina lake linapodondoka.

Tuanze na sheria. Polisi wa Akiba wa Kenya waliundwa mwaka 1948, enzi za ukoloni. Baada ya Katiba ya 2010, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 iliwapa jina jipya na kuwaweka katika kifungu cha 110. Msingi haukubadilika: askari huyu ni mkazi wa eneo, mtu mzima mwenye mwenendo mwema, anayejitolea kuwasaidia polisi pale anapoishi. Anajitolea, hajaajiriwa. Karibu kila taabu nitakayoieleza hapa chini imezaliwa na jambo hilo moja.

Chukua ndugu wawili wa boma moja hapa Kalemng'orok. Mkubwa amemaliza kidato cha nne, anasikia tangazo la kusajili makurutu wa jeshi, anapanda gari kwenda kujaribu bahati. Anapimwa urefu usiopungua futi 5 na inchi 3, anakaguliwa meno, macho na nyayo, anakimbizwa juani na wenzake mia kadhaa, na akichaguliwa anapelekwa Moi Barracks, Eldoret, kwa miezi ya mafunzo. Siku anayovaa sare anakuwa na faili. Katika faili hilo wameandikwa baba, mama, mke na mtu wa kuarifiwa endapo lolote litatokea.

Mdogo amebaki na mifugo. Yeye huchaguliwa na watu wanaomjua: wazee wanamtaja, chifu anampendekeza, polisi wanamchunguza, kisha anakabidhiwa bunduki, G3 ama ile Mark 4 kuukuu, pamoja na risasi za kuhesabu. Bunduki ina nambari, nambari imeandikwa kituoni, na ikipotea ataulizwa. Hivyo serikali inayo kumbukumbu nzuri ya chuma alichokibeba. Kuhusu mtu mwenyewe, kumbukumbu hutegemea kituo, hutegemea mkuu wa kituo (OCS) aliyepo mwaka huo, na hutegemea kama daftari lilihifadhiwa pale afisa alipohamishwa.

Kazi yake haina saa. Alfajiri anatangulia mbele ya mbuzi na ngamia kuelekea malishoni, akitazama mchanga. Nyayo zinamwambia mengi: nani kapita, wangapi, wamevaa akala au buti, walikuwa wanatembea au wanakimbia, wamebeba mzigo au la. Mchana yuko kwenye kisima, ambapo makundi ya mifugo hukutana na ugomvi huanza. Usiku analala nje ya boma, kichwa juu ya ekicholong, kigoda chake cha mbao, bunduki pembeni. Kukiwa na gari la kusindikizwa, anaitwa. Mwalimu akitaka kuvuka kwenda Kaputir au mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitali wakati barabara ni mbaya, anaitwa. Kwa miaka mingi wengi wao walifanya haya yote bila malipo. Walitumaini tu kwamba siku moja jina lao litafikiriwa, na waliona fahari ya kulinda mali ya watu wao.

Mtu wa mbali huuliza: vita gani hivyo? Kenya haina vita. Jibu liko kwenye maji na majani. Mto Turkwel unapita Turkana Kusini na ndio unaonywesha mashamba ya Katilu, lakini nyasi za kiangazi ziko kusini, kuelekea vilima vinavyopakana na Pokot Magharibi. Mvua ikikosekana, mifugo ya Waturkana na ya Wapokot hukutana hapohapo. Kupokonyana mifugo ni jambo la zamani. Kilichobadilika ni silaha. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la kambi ya jeshi ya Moroto upande wa Uganda liliporwa, na bunduki zikasambaa Karamoja nzima na kuvuka mpaka. Nyingine zikaingia kutoka Sudan na Ethiopia. Mwaka 1984 serikali ilifanya msako mkubwa wa silaha ulioitwa Operesheni Nyundo, lakini bunduki zilirudi. Mwaka 2012 mafuta yakagunduliwa karibu na Lokichar, na mpaka ambao zamani ulikuwa suala la malisho ukawa pia suala la nani atamiliki ardhi kesho. Mambo haya yote humfikia mtu mmoja aliyelala nje ya boma.

Sasa tufike kwenye kifo chenyewe, maana hapa ndipo maelezo ya magazeti huwa mafupi mno. Mashambulizi mengi huanza mapambazuko. Wavamizi wanafyatua risasi, watu wanakimbia, mifugo inaswagwa. Taarifa inafika kituoni, na kwa kuwa gari la polisi halipiti makorongo yote, kikosi cha kufuatilia huenda kwa miguu. Nani anatangulia? Ni yule anayesoma nyayo. Askari wa akiba hutembea mbele kwa sababu ndiye anayeijua nchi, na katika vita vya kuvizia anayetangulia ndiye anayepigwa kwanza. Wavamizi wenye akili huacha wachache nyuma, penye bonde jembamba au mwamba, wakijua kabisa watafuatwa na njia gani itatumika.

Tarehe 24 Septemba 2022, katika Turkana Mashariki, jirani na Turkana Kusini, maafisa wanane wa polisi, chifu mmoja na raia wawili waliuawa namna hiyohiyo walipokuwa wakiwafuata watu waliovamia kijiji. Februari 2023 polisi waliuawa tena katika shambulio la kuvizia kwenye barabara hii ya Kitale na Lodwar, ndani ya Turkana Kusini, na siku chache baadaye serikali ikaingiza jeshi katika kaunti sita za Bonde la Ufa kaskazini kwa Operesheni Maliza Uhalifu: Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo-Marakwet, Laikipia na Samburu. Hayo ni matukio makubwa yaliyofika bungeni na kwenye televisheni. Mengi hayafiki. Askari mmoja wa akiba akiuawa peke yake kwenye malisho ya Nakwamoru, taarifa ni mstari mmoja, tena mara nyingi unasema “mchungaji ameuawa”.

Mstari huo ndio mwanzo wa matatizo. Risasi zikinyamaza, bunduki yake lazima itafutwe na kurudishwa, kwa kuwa ni mali ya serikali. Tukio linaandikwa kwenye kitabu cha matukio cha kituo, yaani OB. Kikisema kwamba ameuawa mchungaji aliyekuwa na mifugo yake, mambo yanaishia hapo. Kikisema kwamba ameuawa askari wa akiba akiwa kazini, angalau mlango umefunguka. Na ni vigumu kutenganisha mawili hayo, kwa kuwa mtu huyu kila siku ni mchungaji na ni askari kwa wakati mmoja. Anailinda mifugo ya kijiji, na yake imo ndani.

Hata mlango ukifunguka, kuna ukuta mbele. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 huwapa wategemezi wa mfanyakazi aliyekufa kazini fidia inayokadiriwa kwa mapato ya miezi 96. Ni sheria nzuri. Inawahusu wafanyakazi wa serikali pia, isipokuwa wanajeshi, ambao wana mafao yao. Lakini sheria hiyo inamtambua mfanyakazi kuwa ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira. Askari anayejitolea hana ujira. Hata ukimlazimisha aingie katika kipimo hicho, zidisha mara 96 mshahara ambao haukuwepo, utapata sifuri. Hakuna afisa mbaya anayehitajika ili mjane huyu aondoke mikono mitupu. Hesabu peke yake inatosha. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tatizo ni ukatili wa mtu fulani ofisini. Mfumo uliojengwa juu ya kujitolea hauna mahali pa kuandika hasara ya aliyejitolea.

Historia inatuonyesha kwamba jambo hili ni la zamani, na kwamba lina dawa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wapagazi wa Kiafrika walibeba chakula na risasi za majeshi ya Uingereza toka pwani mpaka ndani kabisa ya Tanganyika, wakafa kwa maelfu kwa kuhara, malaria na njaa. Huko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zilisimamishwa sanamu za askari, bila jina la hata mmoja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Wahindi, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Maafisa wa wakati ule waliona Mwafrika hahitaji jiwe lenye jina lake. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni, zaidi ya miaka 100 baada ya vita.

Sasa linganisha na meli Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa Februari 1944 ikiwa imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki kuelekea Ceylon, na tarehe 12 ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Walikufa watu karibu 1,300. Miili iko chini ya Bahari ya Hindi na haitapatikana kamwe, lakini majina ya askari wale yapo Nairobi, kwenye ukuta wa kumbukumbu katika makaburi ya vita. Mpagazi wa 1917 alizikwa kwenye ardhi tunayoikanyaga, na jina lake limepotea. Askari wa 1944 hana kaburi, na jina lake linasomeka. Aliyesajiliwa ndiye aliyekumbukwa.

Turkana yenyewe imelipitia jambo hili kwa uchungu wa pekee. Mwaka 1918 majeshi ya kikoloni yalifanya msafara wa Labur, yakawapiga Waturkana waliokuwa wakipinga utawala wao, yakachukua mifugo kwa wingi wa kufilisi na kukusanya bunduki. Majirani wa upande wa Ethiopia walibaki na zao. Miaka 22 baadaye, Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, utawala uleule ulirudi kwa Waturkana na kuwapa bunduki ili waulinde mpaka kama askari wa kijiji, nje ya vikosi vya kawaida. Mapema 1941 Brigedi ya 25 ya Afrika Mashariki iliingia kusini-magharibi mwa Ethiopia ikitokea upande wa Lokitaung, na Waturkana wakiwemo katika vita hivyo. Unamnyang'anya mtu silaha unapomwogopa, unamrudishia unapomhitaji. Mwendo huo haukufa na ukoloni. Mwaka 2019 serikali ya Kenya iliwanyang'anya askari wa akiba bunduki zao katika kaunti kadhaa za kaskazini ili wachunguzwe upya, na uvamizi ulipoendelea ikaanza tena kuwatafuta.

Turudi kwa yule ndugu mkubwa. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya jeshi la Kenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab. Wanajeshi wengi waliokuwepo walitoka Eldoret. Tarehe 27 mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta, pamoja na Rais Buhari wa Nigeria na Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia, walihudhuria ibada ya kuwakumbuka katika Moi Barracks. Serikali haikutoa idadi ya waliokufa, na kwa hilo ilikosea, maana familia nyingi zilikaa mbele ya televisheni zikihesabu zenyewe. Miili mingine ililazimu kutambuliwa kwa vipimo vya DNA. Hata hivyo kila mmoja alikuwa na faili. Taifa lilificha jumla, lakini kila nyumba hatimaye iligongwa hodi na mtu mwenye sare. Ndugu mdogo wa Kalemng'orok, aliyeuawa kilomita chache kutoka nyumbani akiwa na bunduki ya serikali ileile, hana wa kumbishia hodi mkewe.

Wapo wanaopinga kuwapa askari hawa hadhi zaidi, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema bunduki za akiba zimewahi kukodishwa kwa wavamizi, risasi zimewahi kuuzwa, na askari wa akiba wenyewe wamewahi kuonekana kwenye uvamizi dhidi ya majirani. Mambo hayo yametokea, pande zote. Wala Mturkana hawezi kujisafisha kwa kuwanyooshea wengine kidole. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, askari zaidi ya 40, wakiwemo polisi wa akiba, waliviziwa na kuuawa walipokuwa wakifuata mifugo ya Wasamburu iliyoibwa, na walioshutumiwa ni wafugaji wa Kiturkana wenye silaha. Wapo pia wajane wa askari wa akiba Wapokot, ng'ambo ya vilima vya Kainuk, wanaosubiri barua ileile ya fidia ambayo mjane wa Kalemng'orok anaisubiri.

Lakini ukiichunguza, hoja hiyo ya wanaopinga inajenga upande wangu. Askari anayekodisha bunduki ni askari asiyejulikana vizuri, asiyelipwa, na asiye na chochote cha kupoteza akifukuzwa. Mtu mwenye malipo, bima na jina lililochapishwa ana sababu ya kuitunza heshima yake, na serikali ina namna ya kumwajibisha. Huwezi kumdai nidhamu ya askari huku ukimwandika kama mpita njia.

Nyumbani, kifo hicho hakiishii siku ya mazishi. Aliyeuawa mara nyingi ni kijana ambaye hajamaliza mahari, na deni hilo halifi naye. Linabaki kati ya koo mbili na linagusa hadi nafasi ya watoto. Mifugo iliyoibwa siku ile ndiyo ingelilipa. Mjane anabaki na mbuzi wachache na kazi ya kuchoma makaa au kuuza kuni kando ya lami. Mtoto wa kwanza wa kiume anatolewa shule ili achunge, na baada ya miaka michache wazee watakapotafuta mtu wa kupewa bunduki, watamtazama yeye, maana ni mwana wa shujaa na anazijua nyayo. Adakar, yaani kundi la familia zinazochunga na kuhama pamoja, inamkumbuka baba yake kwa nyimbo na kwa jina la fahali wake, na kumbukumbu hiyo ni ya kweli na ina uzito. Lakini haifunguki kwenye dawati la ofisi ya Lodwar.

Gharama ya kurekebisha haya haiwezi kuishinda nchi inayonunua magari ya deraya kwa ajili ya barabara hizihizi. Inatakiwa orodha moja ya taifa ya askari wa akiba, yenye jina, kijiji, nambari ya bunduki na mtu wa kuarifiwa, inayotunzwa Nairobi na nakala yake kituoni. Yatakiwa malipo ya kila mwezi, hata kama ni madogo, ili sheria ya fidia iwe na kitu cha kuzidisha. Na inatakiwa bima ya maisha iliyo sawa na ya polisi anayetembea nyuma yake hatua tatu. Bunge linaweza kukiandika upya kifungu cha 110 katika kikao kimoja cha kazi.

Wakati tukisubiri, nawaomba walimu, makatekista, manaibu chifu na vijana waliosoma katika Katilu, Kaputir, Kainuk, Lokichar na Kalemng'orok, na wenzao wa upande wa Pokot, wafanye kazi moja. Mnunue daftari gumu. Mwandike kila askari wa akiba aliyeuawa mnayemkumbuka: jina la baba yake, mwaka, mahali, alikuwa akifuata nini, nani alikuwepo, na nambari ya OB kama ilitolewa. Mashahidi watie sahihi au dole gumba. Nakala moja ibaki kanisani au shuleni, nyingine ipelekwe kwa chifu na igongwe muhuri. Wazee waliokuwepo bado wako hai. Waulizeni mwaka huu.